Mgawa Miezi wa Mkuza

Watu wengi wa Mkuza, hapa Kibaha, wakimtaja Daktari hushusha sauti kidogo, kwa heshima. Mimi sishushi. Nimemfahamu miaka mingi, nimekaa naye kamati moja ya shule na baraza moja la wazee wa usharika, amekunywa chai yangu na mimi nimekunywa yake, na katika muda wote huo sijakutana na mtu mwingine aliyejua mambo mengi ya maana akayatumia vibaya kiasi kile. Siku yake ikifika watakuwapo wa kusoma sifa zake kwenye kipaza sauti. Haya ninayoyaandika ni ya kwangu.

Alizaliwa wapi na kwa nani sijui, wala sijawahi kuuliza. Tulipohamia Mkuza na mume wangu, yeye alikuwa ameshastaafu kazi ya serikali na amefungua duka la dawa kwenye kona, pale barabara ya vumbi inapoingia mtaani kwetu. Alikuwa daktari wa kweli. Alisoma, alifanya kazi hospitali zaidi ya moja za mkoa wetu, na wauguzi wa zamani walikuwa bado wanasimama akipita. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani namsimulia tapeli. Tapeli angekuwa na nafuu. Tapeli hukosea, watu wakamcheka, mambo yakaisha.

Yeye umaarufu wake ulitokana na jambo moja: kusema mgonjwa atakufa lini.

Mambo yalikwenda hivi. Mtu akirudishwa nyumbani kutoka Dar es Salaam baada ya kupigwa mionzi, hasa wale ambao saratani imeshahamia kwenye mifupa ya mgongo, ndugu walimwita Daktari aje kumwona. Wakichelewa kumwita alikuja mwenyewe. Aliingia na shati la mikono mirefu lililonyooshwa pasi hadi kwenye kola, akaomba kiti cha mbao kwa sababu sofa hakulipenda, akainua makaratasi ya hospitali juu ya uso wake kama mtu anayekagua noti bandia. Aliuliza saratani ilianzia wapi. Aliuliza kama imeonekana kwenye ini au mapafu. Alimwambia mgonjwa anyanyue mguu mmoja, kisha mwingine, na kama mgonjwa anaweza kusimama alimtaka atembee kutoka kitandani mpaka mlangoni, naye akimtazama miguu tu, hamtazami uso. Miguu ilianza kulegea ghafla au polepole? Mkojo unatoka vizuri? Akishajibiwa, alitoka nje na wanaume wa nyumba hiyo, na huko nje, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia wodini, aligawa miezi.

"Huyu mpeni miezi mitatu."

"Huyu haioni Pasaka."

"Huyu akifika mvua za vuli, njooni mnichape."

Halafu alimalizia kwa neno moja ambalo kila mtu mtaani kwetu alilijua: "Jiandaeni."

Neno hilo lilifika mahali likawa cheo. Ukiuliza habari za mgonjwa fulani unajibiwa, "Ameshaambiwa jiandaeni," na hapo hakuna anayeuliza tena kama anakula au analala. Watu walianza kutafuta turubai la kuazima. Niliwahi kuingia kwenye nyumba ambayo mgonjwa alikuwa amekaa barazani anamenya viazi, na viti vya msiba vimeshapangwa nyuma ya nyumba, vimefunikwa na shuka ili asivione. Alikuwa ameviona. Mgonjwa mwenyewe aliniambia, "Mwalimu, vile viti vikinyeshewa vitaoza, waambie waviingize ndani." Ndiyo matunda ya kazi ya Daktari.

Sifa zake zilipanda zaidi kwa kifo cha mkuu wetu wa shule mstaafu. Mzee yule saratani yake ilianzia kwenye mapafu ikashuka mgongoni, na alipotoka kwenye mionzi Daktari alisema Pasaka haifiki. Alifariki katikati ya Kwaresma. Siku ya mazishi majirani walimpa Daktari nafasi ya kutoa shukrani, akasimama, akakohoa, akasema, "Familia watakumbuka nilivyowaambia." Alilisema mbele ya jeneza. Mjane alikuwa amekaa mkekani hatua chache kutoka hapo, nilimwona akivuta khanga kufunika uso. Watu wengine walitikisa vichwa kwa kustaajabu, na jioni ile stori iliyozunguka Mkuza ilikuwa ya Daktari alivyojua, marehemu akasahaulika.

Waliokufa ndani ya muda aliowapa walikuwa ushahidi wake, aliwataja kwa majina. Waliopitiliza hakuwataja kabisa. Palikuwa na fundi seremala mmoja aliyepewa miezi minne, akamaliza mwaka mzima akiendelea kupiga randa na kutengeneza vitanda. Daktari akipita mbele ya karakana ile alitazama upande wa pili wa barabara. Siku moja nilimuuliza kwa makusudi, tukiwa kwenye kikao cha kamati, "Daktari, yule fundi vipi?"

"Amejitahidi," akajibu.

Alilisema kama msimamizi anayemzungumzia mtahiniwa aliyeingia na karatasi ya majibu kwenye soksi.

Nisiwe mwongo: kwa mengine mtu huyu alikuwa anachekesha tu. Alitabiri kila kitu. Alitabiri mvua, na mwaka mmoja nilipanda mahindi kwa neno lake, yakakauka yakiwa urefu wa kidole. Alitabiri matokeo ya kidato cha nne, akawaambia wazazi wa vijana watatu wajiandae kwa aibu, wote watatu wakafaulu. Alitabiri mechi. Vijana wa kijiwe cha bodaboda walikuwa wanamuuliza Jumamosi asubuhi nani atashinda, wakishamsikia wanaweka mkeka wao wa kubeti kinyume chake, na walikuwa wanasema inalipa. Yeye hakujua kwa nini wanamfurahia vile. Kwenye mpira alikosea kila wiki na hakuna aliyemnyima heshima, kwa sababu mpira si jambo la kufa. Kwenye kufa watu walimwogopa, na hofu ile yeye aliihesabu kuwa ni heshima.

Yeye mwenyewe hakukubali kupimwa. Duka lake lilikuwa na mashine ya presha kwenye kaunta, aliwafunga watu wazima kwa watoto ile kamba ya mkononi, akawagombeza kuhusu chumvi. Siku msichana wake wa dukani alipomwambia kwa utani, "Daktari, leo na wewe," alivaa koti akatoka. Kama kuna binadamu Kibaha nzima aliyekuwa hataki kusikia habari za mwili wake, ni yule aliyekuwa anawatangazia wenzake habari za miili yao uani.

Kuna jambo moja ambalo mpaka leo linanisumbua katika kumchukia. Kipindi cha masika, barabara ikiwa tope tupu na bajaji hazipiti, binti mmoja wa jirani alishikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya. Daktari alikunja suruali, akaenda kwa miguu huku akishika uzio wa watu ili asianguke, akakaa na yule binti mpaka mama na mtoto wakatoka salama. Hakudai chochote. Mimi nilikuwapo, nilishika taa ya simu chumbani. Baadaye nilipomsifu mbele ya watu kanisani, alikunja uso. "Ile ilikuwa kazi tu," akasema, na hakutaka iongelewe tena. Kwa hiyo mtu huyu alijua kuokoa, na alikuwa hajisifii aliowaokoa. Alijisifia waliokufa kwa ratiba yake. Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi, nimeona majivuno ya kila namna, lakini hayo sijayaona kwa mwingine.

Ningeweza kumvumilia hivyohivyo kama tunavyovumiliana mtaani. Kilichonifanya nimfungie geti langu ni habari ya mzee mfugaji wa Vihingo.

Mzee huyo alikuwa Msukuma aliyehamia Kisarawe na ng'ombe wake zamani, na binti yake alisoma bweni kwenye shule yangu. Alikuwa na saratani ya tezi dume. Ilipofika mgongoni akaanza kuhisi miguu mizito, akapewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam kupigwa mionzi haraka, kwa maana mfupa ulikuwa unabana uti wa mgongo na hospitali ilisema asichelewe. Njiani alilala kwa shemeji yake hapa Mkuza. Shemeji, kwa nia njema, akamwita Daktari. Daktari akasoma rufaa, akamtazama miguu, akatoka nje.

"Mionzi ni ya watu wenye muda," akawaambia. "Huyu wiki chache. Msimtese na safari. Mrudisheni akafie kwa ng'ombe wake. Jiandaeni."

Wakageuza. Kabla wiki haijaisha miguu ikafa kabisa, na haja zikawa zinamtoka bila yeye kujua. Lakini yeye hakufa. Hospitali nyingine walimpa sindano za kupunguza homoni, saratani ikatulia kama inavyotulia kwa wengi wenye ugonjwa ule, na mzee akaishi. Binti yake alimaliza kidato cha nne, akaenda cha tano, baba yake bado yupo, amelala ubavu kwenye kitanda cha kamba kilichowekwa chini ya upenu ili aweze kuwaona ndama wakifunguliwa.

Nilikwenda kumsalimia likizo moja. Alikuwa na vidonda vya kulala ambavyo mkewe alivisafisha asubuhi na jioni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuvuta:

"Mwalimu, yule daktari wa kwenu aliniambia nakufa upesi. Ningejua kwamba sifi upesi, ningekwenda Dar es Salaam."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anayeeleza kwa nini hakupanda gari fulani.

Nilirudi Mkuza nikaenda dukani moja kwa moja, vumbi la Kisarawe bado liko kwenye viatu. Nikamwambia Daktari yote, kuhusu upenu, vidonda, na binti aliyekuwa anaacha vitabu kwenda kumgeuza baba yake. Alinisikiliza huku akipanga chupa za dawa ya kikohozi.

"Mwalimu," akasema, "hesabu haiwezi kumpata kila mtu."

"Ulikuwa unaongea na hesabu au na yule mzee?"

"Mimi sidanganyi wagonjwa. Wengine wanawapa moyo wa uongo. Mimi nasema ninachokiona."

"Uliona miguu inayotembea, Daktari."

Akaingia mteja kuomba Panadol. Daktari akamhudumia taratibu sana, akamuuliza habari za nyumbani, akamrudishia chenji, na nilipoona anamuuliza pia habari za mashambani nikaelewa kwamba mazungumzo yetu yamekwisha. Tangu siku hiyo nilimkatalia kukanyaga kwangu.

Halafu mama yangu akaugua.

Mama ni mtu wa Kurui, Kisarawe. Ana mikorosho, michungwa, shamba la muhogo, na kaka yake mkubwa, mjomba wangu, ambaye ndiye mkuu wa ukoo. Alikuwa amekatwa titi miaka ya nyuma na sisi tulikuwa tumeshaanza kusahau. Mgongo ulipoanza kumuuma alidhani ni jembe. Alipoanza kuhisi ganzi kwenye nyayo nilimchukua Mkuza, tukaenda hospitali Kibaha, wakamtuma Dar es Salaam, na picha ikaonyesha saratani imerudi kwenye pingili za mgongo. Kwingine haikuwapo. Alipigwa mionzi siku kadhaa mfululizo akiwa bado anatembea na fimbo, tukarudi kwangu apumzike.

Mjomba akaja kutoka Kurui kumwona dada yake. Yeye hakujua chochote kuhusu geti langu. Jumamosi mchana nilikwenda sokoni, Daktari akapita barabarani, mjomba aliyekuwa amekaa nje akamsalimia, wakajuana, na mjomba, mzee wa adabu zake, akamkaribisha ndani. Niliporudi na kapu nilimkuta Daktari amesimama karibu na simtanki la maji, mjomba mbele yake amekunja mikono kifuani kama mtoto wa shule.

"Msimu wa korosho hafiki," Daktari alikuwa anasema. "Jiandaeni."

Dirisha la chumba cha mama lilikuwa wazi, pazia limesukumwa pembeni.

Nilimtoa nje. Sitaandika niliyomwambia, mume wangu anasema majirani wa mtaa wa pili walisikia. Daktari alitembea kwenda getini bila haraka, akisema, "Hasira ni kawaida, Mwalimu, familia zote hupitia," na alipofika nje akajipangusa vumbi mabegani, ingawa hakuna aliyemgusa.

Mama alilala akageukia ukutani. Kesho yake alipoletewa vidonge alivishika mkononi mpaka vikayeyuka kiganjani. Fimbo ilikaa pembeni ya kabati. Nilimwambia ainuke tutembee mpaka barazani, akaniambia, "Mwanangu, kwenda wapi?" Wiki ile na iliyofuata nilimwona anapungua mbele yangu, na sikuweza kujua kinachompunguza ni ugonjwa au lile neno la simtanki. Miguu iliyokuwa imeokolewa na mionzi ilianza kulegea kwa kulala.

Siku ya kurudi kliniki nilimbeba karibu mzimamzima kuingia kwenye gari. Daktari aliyekuwa anamhudumia kule alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Nilimuuliza mbele ya mama, kwa sababu nilishachoka na mambo ya kuongelewa nje.

"Daktari, mama yangu ana muda gani?"

Hakunijibu mimi. Alisogeza kiti chake kwa mama.

"Shikamoo, mama. Umeambiwa nini?"

"Marahaba. Nimeambiwa msimu wa korosho sifiki," mama akasema. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote kwa siku nyingi.

"Na nani?"

"Daktari mwenzako."

Yule mama aliishusha miwani ikaning'inia kifuani. "Nitakuambia ninachokijua na nisichokijua," akasema. "Tuna mahesabu yetu hapa. Tunaangalia ugonjwa ulianzia wapi, umefika wapi, na miguu ikoje. Yanatusaidia kuchagua mionzi, tumpige mtu siku chache au nyingi. Ni mahesabu ya watu wengi waliowekwa pamoja. Wewe ni mmoja, sijui utakuwa wapi kati yao. Ninachojua ni kwamba ulianzia kwenye titi, ini ni zima, mapafu ni mazima, na ulikuja hapa kwa miguu yako. Wenye hali kama yako wapo walioondoka mapema, na wapo ninaowaona hapa mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo vidonge umeze. Na utembee. Miguu nimekuachia, usiitupe."

Mama alimtazama. "Kwa hiyo hujui," akasema.

"Sijui, mama."

"Basi nipeleke Kurui," mama akaniambia mimi.

Nilimpeleka baada ya kupata nguvu kidogo. Alitembea barazani kwangu kwanza, kwenda na kurudi, kila asubuhi, akigombana na fimbo. Tulipofika Kurui tukakuta kwamba maandalizi yalikuwa yamekwenda vizuri sana. Mjomba alikuwa amerudi na habari na ukoo ukatii. Shamba lake la muhogo alikuwa amepewa mtoto wa binamu alime. Jiko lilikuwa tupu: sufuria zimechukuliwa na mashemeji, vinu viwili vimehama, kuku wameliwa katika vikao vya kupanga msiba. Nyuma ya nyumba, pembeni ya kaburi la bibi, palikuwa pamefyekwa vizuri, majani yamekusanywa pembeni.

Mama alisimama pale akiegemea fimbo. Mjomba alikuwa nyuma yetu anatazama chini.

"Nani amefyeka hapa?" mama akauliza.

"Vijana," mjomba akasema.

"Pamefyekwa vizuri. Waambie wapande mihogo."

Halafu akaanza safari ya kurudisha vyombo vyake. Aliikataa pikipiki niliyomwitia. Alitembea nyumba hadi nyumba, leo moja, kesho nyingine, kwa hatua zake ndogo, akifika anaketi, anasalimiana, anauliza habari za watoto, anakunywa maji, kisha anasema kwa upole, "Nimekuja kuchukua sufuria yangu." Hakuna aliyebisha. Shemeji mmoja aliitoa jikoni ikiwa na ubwabwa ndani, akaumimina kwenye sinia mbele yetu. Mimi nilikuwa nyuma nabeba. Nilicheka mpaka machozi, na kwa mara ya kwanza tangu lile dirisha mama naye akacheka, akishika mgongo kwa maumivu. Safari zile zilimfundisha miguu kuliko mazoezi yote.

Msimu wa korosho ulifika akiwa amekaa chini ya mikorosho yake anawasimamia waokotaji. Ukaja mwingine. Mgongo unamuuma, usiku mwingine halali, kuna miezi anakuwa na hali mbaya tukarudi Dar es Salaam wakambadilishia vidonge. Hajapona na hajidanganyi. Lakini yupo.

Nilipomfikishia Daktari habari hizo, kwa makusudi, mbele ya wazee wa usharika, alifikiri kidogo.

"Amejitahidi," akasema.

Nilimwona kwa karibu mara ya mwisho mwaka huu. Mkewe, mwanamke mtulivu ambaye sikumwongelea huku juu kwa sababu hakuwahi kujitia katika mambo ya mumewe, naye alipata saratani ya titi, naye ikafika mgongoni. Akina mama wa jumuiya walipanga kwenda kumwona Jumapili baada ya ibada. Nilitaka kutafuta udhuru. Nikaenda, kwa ajili ya yule mama.

Walikuwa wamemwekea kitanda sebuleni, karibu na dirisha. Daktari alikuwa ameketi pembeni yake, kwenye sofa, amekunja mikono ya shati, anamenya chungwa. Alilitoa nyuzi nyeupe moja moja, akalikata vipande vidogo, akawa anamlisha. Mkewe akimuuliza kitu aliinama mpaka sikio likafika mdomoni kwake. "Kesho tutajaribu kutembea tena," nikamsikia anamwambia. "Leo umechoka tu. Juzi ulifika mpaka kwenye kabati." Sauti ilikuwa ya chini, laini, wala haikuvuka kitanda.

Wenzangu walifuta machozi kwa kuona upendo ule. Mimi nilikaa pale nikamdharau kuliko siku zote. Muda wote ule nilikuwa nikifikiri hajui kuongea na mgonjwa, kwamba hakujaliwa, kama wengine wasivyojaliwa kuimba. Kumbe alikuwa anajua. Alikuwa nayo sauti ile tangu zamani, na hakuona kama mzee wa Vihingo anastahili kuisikia, wala mama yangu.

Tulipomaliza kuomba, mkewe alinishika mkono.

"Mwalimu, mama yako naye si alipigwa mionzi ya mgongo?"

"Ndiyo, mama."

"Yuko wapi sasa?"

"Yuko Kurui. Jana alinipigia simu kulalamika kuhusu ngedere wanaokula mahindi."

Akatabasamu. "Kule hospitali walimwambia ana muda gani?"

Daktari aliacha kumenya. Alinitazama, kisu kiko hewani, na nilijua anachoniomba.

"Daktari wake alimwambia hajui," nikasema. "Akamwambia atembee."

Ulikuwa ukweli mtupu, na sikuusema kwa ajili ya mumewe.

Tulipoaga alinisindikiza mpaka getini. Wenzangu walikuwa wametangulia, wanaongea barabarani. Alikuwa amezeeka, mikono yake ilikuwa inanuka chungwa. Alitazama nyuma kuelekea dirishani, akahakikisha limefungwa.

"Mwalimu," akasema, "wewe umemuuguza mama yako. Unamwonaje mke wangu?"

Mtu aliyewagawia miezi watu wa Kibaha na Kisarawe alikuwa ananiuliza mimi, mwalimu wa Jiografia, naye amesimama kama mjomba alivyosimama pembeni ya simtanki, mikono kifuani.

"Sijui," nikamwambia. "Na wewe hukuwa unajua."

Aliinamisha kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei. Kutoka ndani mkewe alimwita kwa jina lake la ubatizo, ambalo sikuwahi kulisikia likitumika, na yeye akaitika, akaacha geti wazi akarudi ndani haraka.